Jaguar C-X75: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu gari lililoishia njiani

Kila picha ya gari hili ikirushwa mtandaoni, mabishano huanza upya. Mmoja anasema lina tabaini kama za ndege. Mwingine anaapa lina injini ndogo ya lita 1.6. Wa tatu ameliona kwenye filamu likinguruma kwa silinda nane, na hataki kusikia habari nyingine. Wote watatu wako sahihi, na ndiyo maana hawaelewani. Majibu yafuatayo yameandikwa ili kuwaamua.

C-X75 ni gari gani hasa?

Ni magari matatu yaliyobeba jina moja.

La kwanza ni gari la maonyesho, lililofunuliwa Paris mwaka 2010, lenye mota nne za umeme na tabaini mbili nyuma ya viti. La pili ni gari la majaribio, lililotengenezwa na Jaguar pamoja na kampuni ya Williams, ile ya Formula 1, kati ya 2011 na 2013. Hili ni haibridi ya petroli na umeme. La tatu ni gari la filamu, lililoundwa kwa ajili ya Spectre, filamu ya James Bond iliyotoka 2015. Sura ni ileile, lakini ukifungua boneti ya nyuma unakuta mambo mengine kabisa.

Hakuna hata moja lililowahi kuuzwa dukani. Kuanzia hapa nitayaita hivyo: la maonyesho, la majaribio, la filamu. Ukikutana na mtu anayebishana kuhusu C-X75, mwulize kwanza analizungumzia lipi.

Jina lake lina maana gani?

75 ni miaka iliyopita tangu neno Jaguar libandikwe kwenye gari kwa mara ya kwanza, mwaka 1935, na kampuni ya SS Cars ya William Lyons huko Coventry, Uingereza. C-X ni herufi ambazo Jaguar iliyapa magari yake kadhaa ya maonyesho: kulikuwa na C-XF mwaka 2007, C-X16 mwaka 2011, na C-X17 mwaka 2013.

Nani alilibuni?

Kazi iliongozwa na Ian Callum, Mskoti aliyekuwa mkuu wa usanifu wa Jaguar tangu 1999. Kabla ya hapo alishachora Aston Martin Vanquish, kwa hiyo hakuwa mgeni wa magari ya kasi. Kwa C-X75 alirudi nyuma hadi kwenye XJ13, gari la mbio ambalo Jaguar ililitengeneza mwaka 1966 kwa ajili ya Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa. Mabega ya nyuma yaliyovimba juu ya magurudumu yanatoka huko.

Uchaguzi huo una kejeli yake. XJ13 nalo halikufika lilikotumwa. Lilitengenezwa moja tu, halikushindana hata mara moja, na mwaka 1971 lilipinduka na kuharibika vibaya kwenye uwanja wa majaribio wa MIRA likiwa linapigwa filamu. Norman Dewis, dereva wa majaribio wa Jaguar, alitoka mzima, na gari likaja kujengwa upya.

Tabaini za gari la maonyesho zilifanyaje kazi?

Hapa ndipo watu wengi huchanganya. Tabaini hazikusukuma gari kwa moto unaotoka nyuma kama ndege, wala hazikuunganishwa na magurudumu. Kazi yake ilikuwa kuzalisha umeme, basi. Zilikuwa jenereta.

Kila gurudumu lilikuwa na mota yake ya umeme ya kilowati 145. Jumla ya mota nne ni kilowati 580, yaani takriban nguvu za farasi 780. Umeme ulitoka kwenye betri ya lithiamu ya kilowati-saa 19.6. Hizo kilowati-saa ni uniti zilezile unazonunua kwa LUKU au kwa tokeni, kwa hiyo gari zima lilikuwa linabeba uniti zisizofika ishirini. Kwa uniti hizo Jaguar ilisema gari lingekwenda kilomita 110 bila kuwasha tabaini. Betri ikipungua, tabaini zinawashwa na kuanza kuichaji mkiwa njiani, na kwa tangi la lita 60 safari ingefika kilomita 900.

Tabaini zenyewe zilitengenezwa na kampuni ndogo ya Kiingereza, Bladon Jets. Kila moja ilikuwa na uzito wa kilo 35 hivi, ilizunguka mara 80,000 kwa dakika, na ilitoa kilowati 70. Hewa inaingia mbele, inabanwa, inachanganywa na mafuta na kuwashwa, kisha gesi ya moto inazungusha mapanga yanayozungusha jenereta. Hakuna pistoni wala valvu zinazopanda na kushuka. Faida nyingine ni kwamba tabaini haichagui sana mafuta: dizeli, mafuta ya mimea au gesi, vyote vinaweza kuungua humo.

Kwa nini wazo hili lilisifiwa wakati magari ya tabaini yalishajaribiwa na kuachwa zamani? Rover ya Uingereza ilikuwa na lake mwaka 1950. Chrysler ya Marekani iligawa 50 kwa wananchi wa kawaida kuyajaribu katika miaka ya 1960. Tatizo lao lilikuwa lilelile: tabaini ni nzito wa kuitika. Ukikanyaga mafuta inachukua muda kupanda, na ukisimama kwenye foleni inaendelea kunywa mafuta. Katika C-X75 kasoro hizo zilikwepwa kwa kuikata tabaini na magurudumu kabisa. Inazunguka kwa kasi moja inayoifaa, au inazimwa. Kuitika kwa haraka ni kazi ya mota za umeme, na mota ya umeme haijui kusubiri.

Kwa hiyo lilikuwa gari kamili?

Kwa sura, ndiyo. Kwa hesabu, fanya hii mwenyewe: mota zinataka kilowati 580, tabaini mbili zinatoa 140. Nyingine zote lazima zitoke kwenye betri. Ukilipeleka kwenye uwanja wa mbio ukakanyaga mpaka betri ikaisha, unabaki na takriban robo ya nguvu ulizoanza nazo. Kwa mtu anayekwenda nalo kazini na kurudi, hilo si tatizo. Kwa mtu aliyelipa pesa za kununulia nyumba kadhaa ili akimbize gari uwanjani siku ya Jumamosi, ni tatizo kubwa. Wapenzi wa tabaini hawapendi kuikumbushwa hesabu hii.

Ndiyo sababu tabaini ziliachwa?

Sababu kuu ilikuwa kwamba teknolojia haikuwa tayari kuingia kwenye gari la kuuzwa ndani ya miaka miwili au mitatu. Gari la maonyesho linaruhusiwa kuahidi. Gari la kuuzwa lazima lipite vipimo vya moshi, kelele na joto, liwe na spea, na liwake asubuhi ya baridi kali bila fundi kusimama pembeni. Mei 2011 Jaguar ilipotangaza kwamba italitengeneza kweli, tabaini zilikuwa zimeshawekwa kando, na nafasi yake ikachukuliwa na injini ya petroli.

Wako waliolia. Mimi nadhani gari la pili lilikuwa la kustaajabisha kuliko la kwanza, kwa sababu lilitembea na likafanya yaliyoahidiwa.

Ni kweli injini ya lita 1.6 ilitoa nguvu za farasi 500?

Kweli. Ilikuwa na silinda nne, ukubwa unaoukuta kwenye gari la kawaida la familia, lakini ilitoa takriban nguvu za farasi 500 na ilizunguka hadi zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Gari la kawaida la petroli huanza kulalamika likifika 6,500.

Siri ilikuwa kuipuliza hewa kwa njia mbili. Supachaja, inayozungushwa na injini yenyewe, ilisukuma hewa wakati mizunguko iko chini, ili gari lisilale. Mizunguko ikipanda, tabochaja kubwa inayozungushwa na moshi wa ekzosi ilichukua kazi, na supachaja ikaachia. Wanaojua tabochaja kubwa wanaelewa kwa nini: peke yake ingekusubirisha sana kabla ya kuamka.

Juu ya injini hiyo ziliongezwa mota mbili za umeme, moja kwa magurudumu ya mbele na nyingine kwa ya nyuma. Zilitoka YASA, kampuni iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2009. Mota zake ni bapa kama sahani, nyepesi kuliko mota za kawaida zenye nguvu hiyohiyo. Ukijumlisha yote, gari lilizidi nguvu za farasi 850. Bodi ilikuwa ya nyuzi za kaboni, na giaboksi ilikuwa na gia saba.

Lilikuwa na kasi gani?

La maonyesho: Jaguar ilitaja kilomita 330 kwa saa, na sekunde 3.4 kufika 100. Hizo zilikuwa namba za karatasini.

La majaribio: lengo lilikuwa kufika kilomita 160 kwa saa ndani ya sekunde 6, na mwisho wake kuvuka kilomita 320 kwa saa. Pamoja na hayo lilitakiwa kwenda kilomita 60 kwa umeme mtupu na kutoa chini ya gramu 89 za kaboni dioksidi kwa kilomita. Rudia kuisoma sentensi hiyo. Moshi wa gari dogo la mjini, kasi ya gari la Le Mans.

Waandishi wa magari waliokaribishwa kuliendesha mwaka 2013 waliandika kuhusu gari linalofanya kazi, wakati mradi ulikuwa umeshafutwa.

Kwa nini basi Jaguar ililifuta?

Tangazo lilitoka Desemba 2012. Adrian Hallmark, mkurugenzi wa chapa ya Jaguar wakati huo, alieleza kwamba hali ya uchumi duniani haikufaa kwa gari la kati ya pauni 800,000 na milioni moja. Hapo mwanzo bei ilitajwa kuwa pauni 700,000 hadi 900,000, kwa magari 250 tu.

Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Kuna mambo mawili ya kuongeza.

Kwanza, pesa zilikuwa na kazi nyingine. Jaguar Land Rover ilinunuliwa na Tata Motors ya India mwaka 2008 kwa dola bilioni 2.3 kutoka Ford. Ni Tata ileile ya malori na mabasi tunayoyaona barabarani. Kampuni ilikuwa inajijenga upya, na Jaguar ilikuwa karibu kuleta F-Type, gari la michezo ambalo watu wengi zaidi wangelimudu. Magari 250 ya matajiri yangeleta sifa. Mshahara wa wafanyakazi wa kiwandani ungetoka kwa F-Type na Range Rover.

Pili, kulikuwa na kidonda cha zamani kinachoitwa XJ220. Jaguar ilionyesha gari hilo Birmingham mwaka 1988 likiwa na injini ya V12, yaani ya silinda kumi na mbili, na kuendeshwa na magurudumu yote manne. Watu wapatao 1,500 walitaka kutoa malipo ya awali ya pauni 50,000. Gari lililowafikia mwaka 1992 lilikuwa na V6 yenye tabochaja mbili, likiendeshwa na magurudumu ya nyuma tu, na bei ilikuwa imepanda hadi kama pauni 470,000. Wakati huohuo uchumi ulikuwa umeanguka. Wanunuzi wakatafuta njia ya kutoroka, wengine wakafika mahakamani, na magari yaliyotengenezwa hayakufika 300 kati ya 350 yaliyopangwa. Lilikuwa gari zuri mno; dereva wa mbio Martin Brundle alilifikisha zaidi ya kilomita 340 kwa saa kwenye uwanja wa majaribio wa Nardò, Italia. Hilo halikuiokoa Jaguar.

Sasa litazame hilo kutoka kwenye meza ya wakuu wa Jaguar mwaka 2012. Gari la maonyesho lenye mtambo wa ajabu, linalobadilishwa kuwa na injini ndogo zaidi, bei inayopanda, na uchumi mbaya. Mgonjwa aliyewahi kuumwa na nyoka akiona kamba hushtuka, na wao walikuwa na sababu ya kushtuka.

Lakini washindani wake si waliuza yote?

Waliuza, na hapa ndipo wapenzi wa Jaguar huumia zaidi. Mwaka 2013, mwaka uleule ambao C-X75 lilitakiwa kuanza kutoka, zilikuja haibridi tatu: McLaren P1, Porsche 918 Spyder na LaFerrari. P1 yalitengenezwa 375, ya Porsche yalikuwa 918 kama jina lake, ya Ferrari 499 kisha moja likaongezwa na kuuzwa kwa mnada kusaidia waathirika wa tetemeko la ardhi Italia. Yote yalikwisha. Matajiri walikuwepo.

C-X75 lingekaa vipi kati yao? Kwa nguvu, sawa nao. Kwa betri, mbali kabisa. P1 lilibeba uniti 4.7 na likaenda kilomita kama kumi kwa umeme. Porsche lilibeba 6.8. La Jaguar lilikuwa na kama 19. Wenzake walitumia umeme kuongezea injini kubwa; Jaguar na Williams walikuwa wanatengeneza gari ambalo umeme ni nusu yake. Kati ya manne hayo, lililofanana zaidi na haibridi kali za leo ni lile ambalo halikuuzwa.

Je, Jaguar ilikosea? Kwa mauzo, nadhani ndiyo: magari 250 yangepata wenyewe. Kwa pesa, sina uhakika kwamba wangeona faida hata wangeuza yote, na kampuni iliyotoka kuponea chupuchupu haina haki ya kucheza kamari ili kufurahisha wapenzi wake. Ningekuwa mimi ningelifuta pia, kisha nisingelala.

Yalitengenezwa mangapi?

Mradi ulipofutwa, kazi haikusimama siku hiyo. Jaguar na Williams waliendelea hadi katikati ya 2013 ili kumaliza magari matano ya majaribio. Mpango uliotangazwa ulikuwa kuuza hadi matatu kwa mnada, moja kuwekwa makumbusho, na moja kubaki kwa maonyesho ya kuendesha. Gari la Paris na yale ya filamu ni mbali na hayo.

Lile la kwenye Spectre ni lenyewe?

Sura ndiyo, moyo hapana. Kwenye filamu linaendeshwa na Mr Hinx, jambazi lililochezwa na Dave Bautista, likimfukuza Bond usiku katikati ya Roma mpaka gari la Bond, Aston Martin DB10, linapoishia mtoni Tiber. Magari ya kufukuzana hayawezi kuwa ya majaribio yenye betri za bei mbaya na kompyuta zinazokataa kuwaka. Kwa hiyo Williams iliunda mengine: fremu ya mabomba ya chuma, na injini ya V8 ya lita 5 yenye supachaja kutoka F-Type. Linaruka ngazi, linagonga, linakarabatiwa usiku, kesho linaendelea.

Mwaka 2024 mojawapo la magari hayo lilifanyiwa kazi na kupata kibali cha kutembea barabarani Uingereza. Aliyeisimamia ni Ian Callum mwenyewe, aliyeondoka Jaguar mwaka 2019 na kufungua kampuni yake huko Warwick.

Kuna chochote cha C-X75 kilichobaki kwenye magari mengine?

Vipo, ingawa haviandikwi jina lake. Mota za YASA zilikuja kuingia kwenye Koenigsegg Regera na Ferrari SF90, na Mercedes-Benz ikainunua kampuni hiyo mwaka 2021. Kitengo cha Williams kilichofanya kazi hii kilitengeneza betri za magari yote ya Formula E, mashindano ya magari ya umeme, kuanzia 2014 hadi 2018, na mwaka 2022 kilinunuliwa na Fortescue ya Australia. Jaguar yenyewe ililetea soko I-Pace ya umeme mtupu mwaka 2018.

Bladon waliacha ndoto ya magari ya kasi na kuhamia kwenye jenereta za tabaini za minara ya simu, pale ambapo umeme wa gridi haufiki au unakatika kila mara. Ukiniuliza, hiyo ilikuwa kazi inayowafaa zaidi: kasi moja, saa nyingi, bila mtu kukanyaga mafuta.

Nikiona C-X75 linauzwa, nitajuaje ni lipi?

Anza na sauti. Likiwaka kwa mngurumo mzito wa V8, ni la filamu, hata muuzaji akuapie. La majaribio lina sauti kali na nyembamba ya silinda nne zinazopanda mpaka mizunguko 10,000, na linaweza pia kuondoka kimya kabisa kwa umeme.

Kisha tazama ndani. La filamu lina fremu ya mabomba na mambo machache ya starehe. La majaribio limekaa ndani ya bodi ya kaboni. Ukiona tabaini mbili kupitia kioo cha nyuma, umesimama mbele ya gari la maonyesho la 2010, na hilo ni mali ya Jaguar.

Mwisho, omba karatasi. Gari la majaribio halikupitishwa kwa matumizi ya barabarani, kwa hiyo bila kibali maalumu litakuwa la kubebwa kwenye trela na kuendeshwa uwanjani. Na spea ya injini ile ya 1.6 usiulize.